Siku Arobaini na Moja Bila Salamu

Nyabwilima, nje ya Buswelu
Jumatano, 1 Oktoba 1997

Nimeanza kazi leo. Barua ya uteuzi inasema: Naibu Mkuu wa Chuo, Taaluma. Chuo chenyewe kilikuwa ghala la pamba la ushirika. Ushirika ulipozidiwa na wanunuzi binafsi, ghala likakaa tupu miaka mitatu, kisha wadhamini wetu wakaja wakaligawa kwa matofali: madarasa manne, maktaba, ofisi tano. Mvua ikikaribia, harufu ya mbegu za pamba hupanda kutoka sakafuni. Nimekulia katika harufu hiyo.

Nina miaka sitini na mmoja. Niliondoka Mwanza mwaka 1963 na sanduku la bati. Tangu hapo nimekuwa mwandishi katika idara ya habari, mwanafunzi ng'ambo, mhadhiri Lusaka miaka sita, kisha Dar es Salaam miaka kumi na sita, mitano ya mwisho nikiwa mkuu wa kitivo. Utafiti wangu wa kwanza, mwaka 1969, ulihusu jinsi bei ya pamba iliyotangazwa redioni ilivyomfikia mkulima asiye na redio. Nilidhani nikistaafu ningepumzika. Wenzangu waliostaafu wanapumzika, nimewaona, sikupenda.

Kazi ni moja na tarehe yake inajulikana. Tarehe 12 Februari jopo la ithibati litafika kutoka Dar es Salaam. Likiridhika, Idara ya Mawasiliano itaruhusiwa kutoa shahada. Lisiporidhika, wanafunzi thelathini na wanane watarudi makwao na mwaka uliopotea. Kitu ambacho jopo linakitaka kuliko vyote ni taarifa ya mafunzo kwa vitendo: wiki kumi ndani ya kijiji, hojaji mia mbili, jinsi habari zinavyosafiri miongoni mwa watu wanaokizunguka chuo. Nimeahidi kwa maandishi kwamba itakuwepo.

Ijumaa, 3 Oktoba

Jirani amekuja kunisabahi. Mzee Masele, shamba lake la mihogo limepakana na uzio wetu.

"Mwangaluka," akasema, salamu yetu ya asubuhi.

Nikamjibu kwa Kisukuma, sentensi tatu nzima. Akacheka hadi akashika uzio.

"Kisukuma chako kimechacha kama togwa la juzi. Kwenu wapi?"

"Usagara."

"Usagara kwa nani?"

Nikamweleza kwamba mji wa baba yangu ulihamishwa mwaka 1974, wakati wa kusogezwa vijijini, mimi nikiwa Lusaka. Nilipata barua baada ya miezi minne. Baba alikufa katika kiwanja kipya ambamo sikuwahi kulala hata usiku mmoja. Nilipopita mwaka jana, mahali pa nyumba yetu palikuwa pamelimwa mtama.

"Basi huna kwenu," akasema bila kunihurumia. "Kaa hapa."

Jumanne, 14 Oktoba

Mvua. Redio inasema ni El Nino na itakaa hadi mwakani.

Jumatano, 22 Oktoba

Mvua. Kamati ya Taaluma imekaa kwa saa tano. Tumepitisha mitaala minne.

Alhamisi, 30 Oktoba

Mhadhiri wetu wa redio, Victor Oluoch, kijana wa Shirati, amechelewa mkutano kwa mara ya tatu. Ana akili, ana sauti nzuri, hana saa. Nimemwandikia onyo la pili. Amelipokea kwa mikono miwili kama cheti.

"Asante, Dokta," akasema. "La kwanza nililiacha likaloa mvua."

Jumatatu, 10 Novemba

Mafunzo kwa vitendo yameanza. Wanafunzi wametoka wawili wawili, viatu mkononi, kuingia Nyabwilima yenye nyumba sabini na tatu. Jioni wamerudi na hojaji kumi na moja zilizojazwa na matope hadi magotini. Dorcas, binti wa Kisesa, amesema bibi mmoja alimhoji yeye badala ya kuhojiwa. Nimewaambia waandike hilo pia.

Ijumaa, 14 Novemba

Mzee Masele amefariki usiku wa kuamkia leo. Tumbo, wanasema. Nimehuzunika kuliko nilivyotarajia, kwa mtu niliyeongea naye pengine mara nane.

Maziko ni kesho. Kesho pia Kamati ya Taaluma inakaa kumalizia kabrasha la jopo, ambalo lazima lipande basi la Jumapili. Nimemsomea Selestina, katibu muhtasi wangu, maneno ya barua ya rambirambi, naye ameichapa. Dereva ataipeleka pamoja na gunia la mchele na sukari. Kule Dar es Salaam tulifanya hivyo daima, na familia zilituandikia kushukuru.

Jumamosi, 15 Novemba

Kamati imekaa tangu saa mbili hadi saa kumi. Kabrasha limekamilika, kurasa mia mbili na sita. Oluoch hakutokea kabisa. Nimeandika katika kumbukumbu: hakuhudhuria, bila taarifa.

Jumapili, 16 Novemba

Nimetembea hadi dukani kununua kiberiti. Nimewasalimu watu watano njiani. Hakuna aliyeitikia. Muuza duka aliangalia rafu nyuma ya kichwa changu mpaka nikaondoka.

Jumatatu, 17 Novemba

Wapishi wawili na mama anayefagia hawakuja. Wanafunzi wamerudi saa nne asubuhi. Hojaji zote tupu. "Wanatutazama tu, Dokta," wamesema. "Tukikaa, wanainuka."

Jumanne, 18 Novemba

Tupu.

Jumatano, 19 Novemba

Tupu. Nimefikiria mambo matatu: uvumi wa ardhi, siasa, au mtu amewaambia hojaji ni za kodi. Nimechora mchoro wa jinsi uvumi wa kodi ungeweza kuenea, nani kwa nani. Mchoro mzuri.

Ijumaa, 21 Novemba

Nimemuuliza Dorcas. Alisimama mlangoni akizungusha kalamu.

"Dokta, shikamoo."

"Marahaba. Kaa."

"Nitasimama. Dokta, si kodi. Umetengwa."

"Nani ametengwa?"

"Wewe. Na sisi kwa sababu ni wako. Hukuja kuzika."

Nikamwambia nilituma barua, mchele na sukari.

"Mchele umerudi, uko stoo, dereva aliogopa kukuambia. Barua waliisoma." Alitazama chini, na niliona anazuia kicheko na machozi kwa pamoja. "Ilisomwa kaburini, Dokta. Yote. Kuanzia juu."

Nilitoa nakala kwenye jalada. Nainakili hapa ili nisisahau:

Kumb. Na. NMC/T/14.
Mama Paskazia Masele,
Nyabwilima.
YAH: KIFO CHA MZEE MASELE.
Somo la hapo juu lahusika.

Na chini: Nakala kwa Mwenyekiti wa Kitongoji, kwa taarifa.

Zaidi ya miaka ishirini nimefundisha kwamba ujumbe hukamilika kwa mpokeaji. Na hii nimeitia sahihi mwenyewe, bila kusoma juu wala chini, kwa sababu juu na chini huandikwa na ofisi.

Dorcas alinieleza utaratibu. Nyabwilima wana chama cha kuzikana. Kila nyumba hutoa kuni, maji, unga, na mwanamume wa kushika jembe. Asiyefika kwa mwili wake hasalimiwi, hauziwi, haazimwi moto, mpaka aombe na kutozwa mchenya: mnyama, ambaye kijiji kizima kinakuja kumla nyumbani kwake.

"Niliambiwa lini kwamba mimi ni mwanachama?" nikamuuliza.

"Si Mzee Masele alikwambia ukae hapa?"

Jumamosi, 22 Novemba

Nimekasirika. Mimi ni mtumishi wa chuo, si wa kitongoji. Nimemwandikia Mzee Ngosha, mwenyekiti wao, kueleza msimamo huo kwa heshima. Safari hii bila namba ya kumbukumbu.

Jumapili, 23 Novemba

Barua imerudi haijafunguliwa. Ilikuwa imewekwa juu ya nguzo ya lango, na jiwe juu yake isipeperuke. Hata katika kunikataa wana uangalifu.

Alhamisi, 27 Novemba

Mvua. Tupu. Daraja la kwenda Kisesa limechukuliwa na maji.

Jumatatu, 1 Desemba

Wanafunzi wanajipikia. Ugali una madonge. Selestina, ambaye kwao ni Musoma na hucheka kwa shida, ameniambia akipanga karatasi: "Mzee, kwetu wangekuchomea nyumba. Hawa ni wapole."

Ijumaa, 5 Desemba

Oluoch ameingia ofisini bila kuchelewa, akaweka mezani hojaji sitini. Zimejazwa.

"Umezipata wapi?"

"Bwenini, Dokta. Tumekaa na wanafunzi, kila mmoja akajifanya mwanakijiji. Majibu yangekuwa hayahaya. Unasikia habari wapi? Redioni, kanisani, kisimani. Nani asiyejua?"

"Kama unajua, kwa nini tunawauliza?"

"Kwa sababu jopo linakuja tarehe kumi na mbili." Hakuwa na dharau. "Una watoto thelathini na wanane hapa, Dokta. Baba yake Dorcas ameuza ng'ombe wawili wa plau."

Nilizitazama. Kalamu moja, nyeusi. Mkulima wa miaka sabini aliyejibu kwa Kiswahili cha mtihani wa kidato cha sita. Nilimrudishia zote nikaandika katika daftari la mapokezi: hojaji 60, hazikupokelewa. Akauliza kama nitamwandikia onyo.

"Hapana. Hili ungelipokea pia kwa mikono miwili."

Alipofika mlangoni nikamuuliza jambo lililokuwa likinikwaruza tangu asubuhi, nilipomwona kisimani. Watu walikuwa wakimsalimu. Mama mmoja alimtupia mzaha na yeye akajibu. Mbona yeye hatengwi?

"Mimi nilizika," akasema.

"Lini?"

"Si ile Jumamosi? Nilishika jembe tangu saa kumi na mbili asubuhi. Kaburi lilijaa maji mara mbili, tukalikumba kwa ndoo. Mtu amekufa jirani, Dokta, mimi nitakaaje kwenye mkutano? Mama yangu angenilaani kutoka Shirati."

"Hukutoa taarifa."

"Nilidhani tutakutana hukohuko."

Alipoondoka nilifungua kumbukumbu za Kamati ya tarehe 15. Hakuhudhuria, bila taarifa. Mtu pekee wa chuo hiki aliyekuwa mahali palipostahili siku ile, nimemwandika mtoro. Nimekata mstari kwa rula na kuandika pembeni: alikuwa mazikoni. Nikaweka sahihi na tarehe.

Jumamosi, 6 Desemba

Nimemwita Oluoch. Nimemwomba anisemee. Anayetengwa hawezi kusema mwenyewe. Lazima awe na mdomo wa mtu mwingine.

"Niseme nini?"

"Sema nimekosa."

"Tu? Bila maelezo?"

"Bila maelezo."

Akasema hilo litakuwa fupi kuliko kitu chochote nilichowahi kuandika.

Jumatano, 10 Desemba

Mzee Ngosha anasema uamuzi si wake, ni wa mjane. Mjane anasema hajawa tayari. Tupu.

Jumatatu, 15 Desemba

Mvua. Tupu. Mkuu wa Chuo anasema tuhamishie mafunzo mjini, mtaa wowote. Nimekataa. Mtaala tuliotuma unasema jamii inayozunguka chuo, na anayezungukwa na watu wasiomsalimu hawezi kwenda mbali kufundisha mawasiliano.

Ijumaa, 19 Desemba

Usiku sisomi. Mchana nagundua mambo. Kijiji kisichosema nawe si kimya hata kidogo. Nimejifunza kutambua kikohozi cha Mzee Ngosha, kengele ya baiskeli ya fundi, jinsi wanawake wanavyopunguza sauti hatua ishirini kabla sijafika na kuipandisha hatua kumi baada ya kupita. Watoto wa miaka minne wanajua. Hakuna aliyewapa tangazo. Mwaka 1969 nilikuwa na hojaji mia nne na sikupata hata nusu ya haya.

Jumanne, 23 Desemba

Oluoch amerudi mbio. Mjane amekubali. Jumamosi. Dume la ng'ombe, mchele, kuni nikate mwenyewe.

Jumamosi, 27 Desemba

Wamekuja kuanzia saa tatu. Watu mia tatu au zaidi, wengine sijawahi kuwaona, na kila mmoja na sufuria yake. Nyumba yangu ya chuo ina vyumba vitatu na veranda. Walikaa mpaka barabarani. Kuni nilikata tangu juzi na viganja vimetoa malengelenge. Mvua ilituhurumia hadi saa nane.

Nilikalishwa chini, Oluoch pembeni yangu. Mzee Ngosha alisimama. Ni mtu mfupi mwenye koti la suti na suruali ya kaptula.

"Huyu amekosa nini?"

"Hakuzika," watu wakajibu.

"Alifanya nini badala ya kuzika?"

"Aliandika!"

Kicheko. Mtu akapaza sauti nyuma: "Somo la hapo juu lahusika!" Kicheko kikawa kikubwa zaidi. Inaonekana sentensi hiyo sasa ni msemo wa Nyabwilima. Watoto huitumia wakitumwa maji.

Oluoch akasema, "Amekosa." Akakaa. Hakuongeza hata herufi.

Ndipo mama Paskazia akaja. Mwanamke mrefu, kitambaa cheusi kichwani, amesimama mbele yangu kama mtu anayeangalia shamba kabla ya kulima.

"Mwalimu."

"Naam, mama."

"Mume wangu alikuwa namba ngapi?"

Sikuwa na pa kukimbilia. "Kumi na nne, mama."

"Na kumi na tatu alikuwa nani?"

Nilikumbuka. Nilitamani nisikumbuke. "Mafundi wa paa. Paa la maktaba lilikuwa linavuja."

Aliinamisha kichwa na mabega yakaanza kutikisika. Nilidhani nimemliza tena. Alikuwa anacheka. "Masele angefurahi," akasema akifuta macho. "Maisha yake yote alitaka kuandikwa mahali." Kisha akanyoosha mkono, nami nikaushika, na watu wote wakasema "Mwadila" kwa pamoja, salamu ya mchana, na salamu za siku arobaini na moja zilizokuwa zimezuiliwa zikatoka kwa neno moja.

Nilipakua chakula mwenyewe mpaka masufuria yakaisha. Mzee Ngosha alikula mwisho, akajifuta mikono.

"Limeliwa," akatangaza. "Limekwisha. Halitajwi."

Jumatatu, 29 Desemba

Wapishi wamerudi. Hojaji kumi na tisa.

Alhamisi, 8 Januari 1998

Mvua kubwa kuliko ya Novemba. Vijana wamevuka kijito kwa kamba wakishikana. Hojaji kumi na tano. Oluoch ndiye aliyekuwa mbele na kamba.

Jumatatu, 19 Januari

Mia moja na ishirini na mbili.

Jumamosi, 31 Januari

Mia moja na themanini na nne. Hatutafika mia mbili. Na wiki si kumi, ni sita tu. Mia moja na themanini na nne ni halisi, kila moja na matope yake.

Jumanne, 3 Februari

Leo tumegombana, mimi na Mkuu wa Chuo, kwa sauti iliyofika jikoni. Ni kuhusu ukurasa wa tisa wa taarifa, mahali panapotakiwa kueleza kwa nini mafunzo yalisimama wiki sita.

"Andika mvua," akasema.

"Haikuwa mvua."

"Bwana, nchi nzima ni mvua! Reli imekatika, madaraja yameondoka. Hakuna mtu duniani atakayeuliza."

"Januari ilinyesha zaidi na watoto walifanya kazi. Imo katika madaftari yao, siku kwa siku. Tunawafundisha kuandika habari. Habari yao ya kwanza iwe ya uongo, na mimi niitie sahihi?"

Mkuu si mtu mbaya. Alikaa chini akashika paji la uso. "Ukiandika kwamba naibu wangu alitengwa na kijiji, jopo litasema chuo hiki hakikubaliki kwa majirani. Wakitunyima, wewe ndiye utakayewaambia wazazi."

"Nitawaambia."

Nimeandika aya moja, mistari tisa. Kosa ni langu, nimelitaja kwa jina langu.

Alhamisi, 12 Februari

Jopo limefika: watu watatu, mwenyekiti wao Profesa Suzana, mwanamke mwembamba anayesoma huku akitembea. Amehesabu vitabu vya maktaba kwa kidole. Ukurasa wa tisa ameusoma mara mbili, akakunja pembe yake. Kesho wanataka kwenda kijijini kuhakiki.

Ijumaa, 13 Februari

Tumekwenda saa nne, wakaguzi, mimi, Oluoch na Dorcas. Mzee Ngosha alikuwa ametandika mikeka na kuvaa suruali ndefu. Baada ya salamu Profesa Suzana aliuliza moja kwa moja.

"Mzee, wanafunzi hawa walisimama kuja hapa kwa wiki sita. Kwa nini?"

Mzee Ngosha hakupepesa jicho. "Mvua, mama. Mvua ya mwaka huu, acha tu."

"Mvua peke yake?"

"Ng'ombe walikuwa wanaogelea."

Akageukia wengine. Fundi baiskeli akasema mvua. Wazee wawili wakasema mvua. Mpishi wetu mwenyewe, aliyekuwa amekaa na kitoto mapajani, akasema mvua.

Profesa alinitazama juu ya miwani. "Daktari, mwenyekiti anasema mvua. Wewe umeandika kwamba ulitengwa. Mmoja wenu amenidanganya, na aliyeandika ni wewe. Nianze kutilia shaka ukurasa wa tisa tu, au hojaji zote mia moja themanini na nne?"

Hapo nilielewa. Limeliwa, limekwisha, halitajwi. Nilikuwa nimelisikia kwa masikio yangu, nikaliandika katika shajara hii, na wiki tano baadaye nikakaa mezani nikalitaja kwa chapa, nakala nne, kwa wageni. Watu hawa walikuwa wananifunika. Walikuwa wananifanyia jambo ambalo humfanyia mtu wao, na kwa kunifanyia hivyo walikuwa wanauzamisha mwaka wa watoto thelathini na wanane.

Ningeweza kusema mvua. Neno moja. Lakini basi ningekuwa nimeandika uongo, na kila hojaji ingeanguka nao. Na nikisisitiza ukweli, nimemwita Mzee Ngosha mwongo mbele ya wageni, juu ya mkeka wake.

"Profesa," nikasema, "Mwenyekiti hajakudanganya. Jambo lile kwao limefutwa. Nilitozwa, wakala, halipo tena. Kulitaja ni mwiko. Mimi ndiye niliyelitaja. Kila nilichoandika ni kweli, na sikuwa na haki ya kukiandika bila kuja kwao kwanza."

"Je, ni hivyo, Mzee?"

Mzee Ngosha aliangalia mawingu. "Mimi nimesema mvua."

Oluoch alifunga macho. Dorcas alikuwa ameshika daftari lake la mafunzo kifuani kwa mikono yote miwili.

"Ngosha, acha mvua ya watu."

Alikuwa mama Paskazia, nyuma, hakuwa amekaa kwenye mkeka. "Mfiwa ni mimi. Kifo ni cha nyumba yangu. Hakuna wa kunizuia kusema cha kwangu." Akaja mbele, akamkabili Profesa kama alivyonikabili mimi. "Alitengwa. Siku arobaini na moja. Hakuzika, aliandika barua ya ajabu. Mimi nikamfungulia. Na tangu alipofunguliwa, watoto hawa wamekuja na mvua, wamekaa jikoni kwangu, wameuliza maswali mpaka mboga ikaungua. Huyu mmoja," akamwonyesha Dorcas, "ameniuliza nilisikia wapi kwamba mume wangu atakufa. Hakuna aliyekuwa ameniuliza. Sasa nyinyi mnataka nini zaidi?"

Profesa Suzana aliandika kwa muda mrefu. Alipomaliza aliomba maji ya kunywa.

Jumamosi, 14 Februari

Kikao cha majumuisho, saa tatu asubuhi. Profesa alisoma bila kupamba. Maktaba haitoshi. Mashine za kuchapa hazitoshi. Wiki za mafunzo hazikutimia. Wanafunzi warudi kijijini wiki nne wakati wa likizo. Kwa masharti hayo, Idara ya Mawasiliano inapewa ithibati ya muda ya miaka miwili, na mwaka huu wa masomo unahesabika.

Nje wanafunzi walisikia kupitia dirisha. Kelele iliyofuata sitaieleza.

Akiingia garini Profesa aliniambia, "Tumekagua vyuo vinne mwezi huu. Vitatu vimeandika mvua."

Mkuu alinishika mkono.

Jumatano, 18 Februari

Nimeitwa na chama cha kuzikana. Nilikwenda mwenyewe, kwa miguu, kabla ya saa iliyotajwa.

"Umetaja jambo lililoliwa," akasema Mzee Ngosha. Koti na kaptula. "Ulisikia tulipolifunga?"

"Nilisikia. Sikufahamu kwamba karatasi nayo ni mdomo."

"Ungefahamu, usingeandika?"

Oluoch, pembeni, alitikisa kichwa kidogo kunionya.

"Ningeandika," nikasema. "Lakini ningekuja kuwaambia kwanza."

Minong'ono. Mzee Ngosha aliinamiana na wazee wawili. Mama Paskazia alisema kitu kwa Kisukuma cha haraka ambacho sikukishika, na wanawake wakacheka.

"Ng'ombe hatutaki," akasema mwishowe, "tumeshiba wa kwanza. Umesema ungekuja kutuambia. Basi njoo. Nyumba kwa nyumba, zote, mwenyewe. Hakuna barua. Hakuna mwanafunzi. Hakuna Oluoch. Uingie, ukae, useme: nimelitaja kwa wageni, na kwa nini. Mwenye nyumba akiridhika, unatoka. Asiporidhika, unarudi."

"Nyumba sabini na tatu?"

"Sabini na nne. Kijana wa fundi baiskeli ameoa."

Jumamosi, 21 Februari

Nimemaliza nyumba kumi na tisa. Nyumba ya kwanza ilinichukua saa moja na nusu. Nilianza na utangulizi. Ya tano, robo saa. Katika nyumba ya tisa niliambiwa nirudi, maana bibi alisema nimesema kama ninayesoma. Nimerudi leo, akaridhika, akanipa viazi.

Wote wanajua tayari. Hilo ndilo linalonishangaza, mimi niliyeishi kwa kuuliza nani alisikia kwanza. Nyumba ya kumi na tisa, mzee mmoja kipofu, nilimuuliza: "Baba, si umeshasikia habari hii?"

"Nilisikia siku ileile, wageni hawajafika hata lami."

"Basi nakuchosha bure."

"Nani amesema?" Akapapasa mpaka akapata kigoda, akakisukuma kwangu. "Kaa. Habari ninayo. Wewe ndiye sijakusikia."

Nikakaa, nikamwambia.

Zimebaki hamsini na tano. Jumatatu nina Kamati ya Taaluma saa nne. Nitaanza saa kumi na mbili, kabla hawajaenda shambani.